Kuendesha gari la haibridi kwa mafuta machache kati ya Arusha na Moshi

Anayenunua Toyota Aqua au Prius iliyotumika kutoka Japani huwa ameshaambiwa na dalali kwamba gari hilo linanusa tu mafuta. Miezi miwili baadaye utamkuta mtu huyo huyo kwenye kituo cha mafuta akilalamika kuwa linakunywa sawasawa na IST aliyoiuza. Mara nyingi gari halina ubovu wowote, ila linaendeshwa kama IST. Aqua ilipoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2011, kipimo rasmi cha nchi hiyo kiliipa kilomita 35.4 kwa lita, lakini kipimo hicho hufanyika ndani ya maabara, magurudumu yakizunguka juu ya roli, pasipo matuta ya Kikatiti wala mwinuko wa kurudi Arusha. Aqua yangu ya mwaka 2013 hunipa kilomita 20 hadi 24 kwa lita kutegemea njia na msimu, ilhali miezi ya kwanza ilikuwa ikinipa 16. Gari ni lile lile na barabara ni zile zile. Kilichobadilika ni mguu wangu, na kwa kiasi kidogo upepo wa tairi.

Umeme wake unatoka wapi

Haibridi za aina hii, zenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, hazichomekwi ukutani. Umeme wote uliomo kwenye betri yake ulitokana na petroli uliyoilipia: ama injini iliuzalisha moja kwa moja, ama petroli ilitumika kulipatia gari mwendo au kulipandisha mlima, kisha sehemu ya nguvu hiyo ikarudishwa wakati wa kufunga breki au kuteremka. Anayefurahia kuona gari likitembea kimya kwa umeme na kudhani kuwa hapo anasafiri bure anajidanganya. Hesabu ya betri inafanana na ile ya pesa za kwenye simu, kwamba ukituma unakatwa, na uliyemtumia akienda kutoa naye anakatwa. Mwendo ukigeuzwa kuwa umeme kuna kinachopotea, na umeme huo ukigeuzwa tena kuwa mwendo kuna kingine kinachopotea.

Karibu kila ushauri utakaofuata unatokana na makato hayo. Mwendo ambao gari limeshaupata ni bora ubaki kuwa mwendo kadiri inavyowezekana. Ikishindikana, yaani ikibidi kupunguza, ndipo urudishwe kwenye betri kwa breki nyepesi ya mapema. Breki kali inayochomwa na pedi na diski iwe ya dharura tu.

Basi haibridi inaokoa mafuta kwa njia gani? Injini ya petroli hufanya kazi vibaya inapobebeshwa mzigo mdogo, kwa mfano gari linapojivuta kwenye foleni ya Sanawari au linaposimama kwenye taa. Hapo haibridi huizima na kuiachia mota. Injini yenyewe, ambayo kwenye Aqua ni ya lita 1.5, imeundwa kwa mtindo unaoitwa Atkinson: vali za kuingizia hewa hufungwa kwa kuchelewa, hivyo gesi iliyowaka hupata nafasi ndefu zaidi ya kusukuma pistoni kuliko ile iliyotumika kuibana. Injini ya namna hiyo huwa na nguvu kidogo lakini hutumia mafuta vizuri, na upungufu wa nguvu hufidiwa na mota.

Ni muhimu pia kujua udogo wa betri. Ile ya Aqua ina volti 144 na uwezo wa ampea-saa 6.5, ambazo ukizizidisha hazifikii hata uniti moja (kilowati-saa moja) ya LUKU. Juu ya hapo, ili betri idumu, kompyuta ya gari huruhusu itumike sehemu ya katikati tu, takriban kati ya asilimia 40 na 80. Unachobeba ni chini ya nusu uniti. Hiki ni kibubu cha mtoto, na kwenye milima yetu hujaa upesi na kukauka upesi.

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi

Ukiwasha gari asubuhi, injini huunguruma kwa muda hata kama betri imejaa. Inapasha moto kifaa cha kusafisha moshi kilichopo kwenye eksozi, na hakuna kitufe kitakachoifanya iharakishe. Kusimama uani ukisubiri ipate moto, kama tulivyozoeshwa na magari ya zamani, ni kuchoma mafuta bila kusogea. Ondoka ndani ya sekunde chache, na kwa dakika ya kwanza uende taratibu, kwa sababu katika muda huo betri ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mwendo huku injini ikijishughulisha na joto lake.

Wakazi wa Ilboru au wa Kibosho, ambao safari yao ya asubuhi huanza kwa kuteremka, wana bahati ambayo wengi wao hawaitambui. Dakika zile za mwanzo, ambazo ni ghali kwa mwingine, kwao hupita gari likishuka lenyewe.

Aliye na shughuli nne mjini azifanye kwa mkupuo mmoja, akianza na ile ya mbali ili injini ipate moto kamili, kisha azimalizie za karibu. Kutoka mara nne kwa siku, kila mara kilomita mbili na injini ikiwa imepoa, ndiko kunakomfanya mtu aape kuwa haibridi ni uongo.

Kuongeza mwendo

Hapa ndipo waangalifu wanapokosea kuliko wasiojali. Mtu akishasikia habari za kubana mafuta, huanza kukanyaga pedeli kana kwamba kuna yai chini yake, gari linatambaa kwa umeme mita mia tatu, nyuma yake bodaboda na Hiace zinapiga honi, na mwisho wa yote betri imekauka. Injini inalazimika kuwaka ili kuijaza, na deni la umeme ule linalipwa kwa petroli pamoja na makato yake.

Njia iliyo bora ni kuiacha injini iwake mapema na kuipa mzigo wa wastani. Kwenye dashibodi ya Aqua na Prius kuna kipimo chenye sehemu tatu: CHG (kuchaji), ECO (kubana mafuta) na PWR (nguvu nyingi). Unapoongeza mwendo, peleka kipimo kwenye nusu ya juu ya ECO na ukiache hapo hadi ufikie mwendo unaoutaka, bila kukiingiza PWR. Kutoka sifuri hadi 50 utatumia sekunde kumi na kitu, hutamkera mtu, na injini itakuwa imefanya kazi katika hali inayoipenda. Ukishafika, nyanyua mguu kabisa kwa nukta moja. Injini itazima. Kisha gusa tena pedeli kwa uzito wa kidole, na gari litaendelea kwa kuserereka au kwa umeme kidogo.

Jifunze kuserereka huku kwa kutazama mchoro wa nishati kwenye skrini, ukiwa na abiria wa kukuangalizia au mahali pasipo na magari. Ukiachia pedeli yote, mshale huonyesha umeme ukiingia kwenye betri, maana yake gari linajizuia lenyewe. Ukiikanyaga zaidi, mshale hugeuka na umeme hutoka. Katikati kuna mahali pembamba ambapo mishale yote hupotea: hakuna kinachoingia wala kinachotoka, na gari linakwenda kwa mwendo liliokuwa nao. Ilinichukua kama wiki mbili kupazoea mahali hapo kwa mguu bila kutazama skrini, na nadhani hakuna mbinu nyingine iliyonipa faida kubwa kuliko hiyo. Kwenye Aqua na kwenye Prius ya kizazi cha tatu, injini huweza kuzima kabisa namna hii ukiwa chini ya takriban kilomita 70 kwa saa.

Kitufe cha EV hakiongezi ufanisi wowote. Kinakufaa unapotaka kusogeza gari mita chache uani bila kuamsha injini ya baridi, na pengine unaporudi usiku na hutaki kuwaamsha majirani. Kitufe cha ECO kina faida kidogo kwa sababu hulainisha pedeli na kupunguza nguvu ya kiyoyozi, lakini mwenye mguu mtulivu hupata karibu matokeo yale yale akiwa bila hicho.

Matuta, vivuko na breki

Barabara ya Arusha kwenda Moshi ni ya lami nzuri, lakini imejaa mahali pa kupunguza mwendo. Ukishamaliza ile ya njia nne inayotoka Sakina hadi Tengeru, unaanza kuhesabu: Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Boma Ng'ombe, Kwa Sadala, na katikati yake vibao vya 50, matuta na vivuko vya waenda kwa miguu. Dereva wa kawaida hufika kwenye kibao akiwa na 80, hukanyaga breki, hupita tuta, kisha hukanyaga mafuta kwa hasira. Akifanya hivyo mara ishirini katika safari moja, ameshachoma mafuta ambayo hakuna kiyoyozi kinachoweza kuyafikia.

Ukiwa na haibridi, kibao cha 50 kinapaswa kukukuta umeshaachia pedeli zamani. Kwa kuwa njia hii wengi wetu tunaipita kila wiki, tunajua tuta lipo wapi kabla ya kuliona. Achia mafuta mita mia tatu au mia nne kabla, acha gari liserereke, na zikibaki mita mia moja gusa breki kwa wepesi na uishikilie kwa muda mrefu. Breki nyepesi na ndefu hushikwa na mota, ambayo hapo inageuka kuwa jenereta. Ukikanyaga kwa nguvu, mota haiwezi kupokea nguvu yote kwa wakati mmoja, na inayobaki humalizwa na pedi kuwa joto. Vilevile gari linapokaribia kusimama kabisa, breki za kawaida ndizo zinazomalizia, kwa hiyo kulivusha tuta likiwa bado linatembea kuna faida kuliko kulisimamisha mbele yake.

Faida ya pembeni ni kwamba askari mwenye tochi hakuoni ukipita na 63.

Kwenye foleni, acha nafasi ya gari mbili au tatu mbele yako na usogee mara moja kwa mwendo mmoja, badala ya kusogea nusu mita kila aliye mbele anaposogea. Yupo atakayeingia kwenye nafasi hiyo, mwache aingie. Injini ikiwaka yenyewe umesimama, ujue betri imeshuka na inajazwa, hivyo usilizime gari wala usifanye lolote.

Mwendo kwenye barabara kuu

Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka kwenye 80 na kwenda 100, hewa inakuzuia kwa nguvu iliyoongezeka kwa asilimia 56, na hakuna teknolojia ya haibridi inayoweza kuirudisha nguvu hiyo, kwa sababu iliyosukuma hewa haihifadhiki popote. Kati ya Arusha na Moshi kuna kama kilomita 80. Hata kama barabara ingekuwa tupu mwanzo hadi mwisho, kwenda na 100 badala ya 80 kungekuokolea dakika 12, na kwa vibao vya 50 vilivyopo hata hizo huzipati. Mimi hukaa kwenye 75 hadi 80. Basi la kwenda Dar likikaribia nyuma yangu, nasogea kushoto na kulipisha, kwani kubana mafuta hakumpi mtu haki ya kuwa kizuizi barabarani.

Wapo wanaojificha nyuma ya lori ili liwakatie upepo. Ni kweli upepo hupungua, na ni kweli pia kwamba hutaona ng'ombe aliyeingia barabarani mpaka lori lenyewe limfungie breki. Tusilijadili zaidi.

Kama gari lako lina kifaa cha kushikilia mwendo, kitumie mahali tambarare tu. Kwenye vilima vidogo vidogo kifaa hicho hukazana kulinda namba, kikichoma mafuta kwenye mwinuko na kujizuia kwenye mteremko, wakati mguu wa binadamu ungeacha mwendo upungue kidogo juu na kuongezeka kidogo chini.

Kupanda na kushuka mlima

Mwanzoni mwa mwaka jana nilikuwa natoka Marangu kurudi Moshi, nyuma yuko shangazi yangu na mikungu minne ya mshare. Tulipoanza kuteremka kutoka Marangu Mtoni, alama nane za betri zilijaa upesi, kisha injini ikaanza kuunguruma kwa sauti ya juu ingawa mguu wangu haukuwa kwenye mafuta.

"Mwanangu, gari limepatwa na nini? Mbona linalia nawe umeachia?"

"Betri imejaa, shangazi."

"Ikijaa si inamwagika?"

"Ndiyo hiyo inamwagika, shangazi. Ndiyo sauti unayoisikia."

Jibu lilikuwa la utani, lakini halikuwa mbali na ukweli. Gari lenye uzito wa kilo 1,300 pamoja na abiria likishuka mita 100 za kimo hutoa nishati ya karibu uniti 0.35, ambayo inakaribia nafasi yote inayoruhusiwa kwenye betri ya Aqua. Ukiondoa kinacholiwa na hewa, tairi na makato ya kugeuza, mita mia mbili na ushei za kimo zinatosha kuijaza, na kutoka Marangu Mtoni hadi Himo unashuka zaidi ya hapo. Betri ikishajaa, gari hutumia umeme unaozidi kuizungusha injini bila mafuta, ili nguvu iishie humo badala ya kuishia kwenye breki. Si ubovu, na hakuna haja ya kwenda gereji.

Yapo mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kufika kileleni ukiwa na betri iliyoshuka. Ukijua kuwa mbele yako kuna mteremko mrefu, kilomita moja au mbili za mwisho kabla ya kuanza kushuka tumia umeme bila woga, ili kibubu kiwe na nafasi. La pili linahusu ile herufi B kwenye gia. Wengi hudhani B ni ya betri, hivyo huiweka kila wanapoteremka wakitumaini kuchaji zaidi. Kazi yake ni kuishirikisha injini katika kulizuia gari, na nguvu inayoliwa na injini haifiki kwenye betri. Basi mteremko mfupi ushuke ukiwa D, kwa breki nyepesi. Kwenye mteremko mrefu na mkali, kama ule wa kutoka Machame au Kibosho, betri ikishajaa weka B, kwani hapo hakuna tena cha kuokoa isipokuwa breki zako, nazo zina thamani kuliko lita yoyote ya mafuta.

Kupanda hakuna ujanja mwingi. Injini itafanya kazi na iachwe ifanye. Shika mwendo wa 50 au 60 usiobadilika, usijaribu kupanda kwa umeme, na usikimbilie kona ambayo utalazimika kuifungia breki, kwa maana mwendo ulionunuliwa mlimani ni ghali kuliko wa mahali popote.

Kuhusu nyutro

Madereva wa zamani walitufundisha kuweka nyutro kwenye mteremko, gari lijiendee bure. Katika haibridi za Toyota desturi hiyo ina hasara tupu. Ukiwa kwenye N, jenereta haichaji chochote, mota haikusaidii kupunguza mwendo, na uzito wote wa kulizuia gari unabebwa na breki za kawaida peke yake. Umetupa umeme ambao ungeupata na umejiweka hatarini kwa pamoja. Hata kwenye taa au foleni usikae kwenye N huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kwa sababu betri itazidi kushuka bila kujazwa. Baki kwenye D ukikanyaga breki, au weka P kama umesimama kwa muda mrefu.

Baridi ya Arusha, joto la Moshi

Juni na Julai, Arusha inapokuwa na ukungu hadi saa nne asubuhi, wengi huwasha hita ya gari. Joto la hita linatoka kwenye maji ya injini, na maji yakipoa gari huiwasha injini hata kama mmesimama, ili tu mpate joto. Kama unashangaa kwa nini ulaji wa mafuta hupanda msimu huo, anza na kitufe hicho. Vaa sweta, na kioo kikiingia ukungu washa hita kwa dakika chache kisha uizime.

Moshi mambo hugeuka. Mwezi Januari na Februari kiyoyozi hakikwepeki, nami simshauri mtu ajitese. Kwenye Aqua na Prius kompresa ya kiyoyozi huendeshwa kwa umeme wa betri kubwa, hivyo hupoza hata injini ikiwa imezima, lakini umeme huo utalipwa. Fungua milango kwanza joto litoke, tembea mita mia kadhaa vioo vikiwa wazi, kisha funga na uwashe kwa nyuzi 25 au 26 badala ya 18. Kwenye barabara kuu funga vioo.

Betri nayo husikia joto. Hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni au chini ya kiti cha nyuma. Siku ile ya shangazi, mbali na mngurumo wa injini, feni ya nyuma nayo ilikuwa ikivuma kwa nguvu isiyo ya kawaida. Tulipofika nyumbani nikaona kwamba majani makavu ya mgomba yaliyofunikia mikungu yalikuwa yamelala juu ya tundu lile. Betri inayokosa hewa huchoka mapema, na kompyuta ikiona joto limezidi huipunguzia kazi, injini ikabeba mzigo. Usiweke gunia, koti wala kiti cha mtoto mbele ya tundu hilo, na kwa vumbi la barabara zetu za mitaani ni vyema fundi anayezijua haibridi asafishe kichujio na feni mara moja kwa mwaka. Nyaya za rangi ya chungwa ndani ya gari hilo zina umeme wa kuua, kwa hiyo fundi asiyejua asizishike, hata kama ni rafiki yako.

Tairi, oili na mizigo

Upepo wa tairi upimwe asubuhi gari likiwa halijatembea, kila baada ya wiki mbili. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na kwa kuwa gari lilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani utakikuta kwa kPa: 220 ni PSI 32, na 240 ni karibu PSI 35. Kuongeza PSI mbili au tatu juu ya hapo kunasaidia kidogo, lakini ukizidisha utaulipia kwenye mashimo na kwenye mvua.

Wengi huinua Aqua kwa spesa na kulivisha tairi kubwa ili lipite kwenye barabara za mitaa. Nawaelewa, maana nami nimewahi kukwaruza chini. Jueni tu kwamba tairi pana na nzito hula mafuta, na tairi yenye mzingo mkubwa hufanya dashibodi ihesabu kilomita pungufu, hivyo vipimo vyote utakavyofanya vitakuwa na kosa.

Oili ni jambo la kusimamia mwenyewe. Mtengenezaji wa injini hizi anapendekeza oili nyepesi kama 0W-20, lakini ukiliacha gari gereji bila maelekezo unaweza kurudishiwa likiwa na 20W-50, kwa hoja kwamba "nchi yetu ina joto". Injini inayowaka na kuzima mara kwa mara katika safari moja inahitaji oili inayopita upesi, na oili nzito humaliza sehemu ya faida uliyoihangaikia barabarani. Keria isiyotumika ing'olewe, na vitu vilivyosahaulika kwenye buti vitolewe.

Wenye magari ya aina nyingine wachuje ushauri huu. Nissan Note e-Power inaendeshwa na mota muda wote na injini yake kazi yake ni kuzalisha umeme tu, kwa hiyo kwake jambo kubwa ni kutulia kwa mguu na kuona mbele, na kuongeza mwendo kwa namna ya kuitafutia injini mzigo hakuna maana kubwa. Honda Fit haibridi iliyotoka mwaka 2013 ina gia zenye klachi mbili, nayo haipendi kabisa kushikiliwa mlimani kwa mafuta. Ukisimama kwenye mwinuko, ishike kwa breki.

Kupima

Usiiamini dashibodi peke yake, kwani mara nyingi husoma juu kidogo. Jaza tangi hadi bomba likate lenyewe, andika kilomita, tembea hadi karibu nusu ya tangi au zaidi, kisha jaza tena kwenye kituo kile kile na ugawanye kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Tangi la Aqua ni lita 36. Hesabu kwa lita na usihesabu kwa shilingi, kwa sababu EWURA hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ikishuka unaweza kudhani umekuwa dereva bora.

Na usipime kwa kwenda peke yake. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini ya mita 1,000. Kwa makadirio yangu, tofauti hiyo ya kimo ina thamani ya karibu nusu lita ya petroli kwa gari la ukubwa huu. Gari ambalo kwenye tambarare lingetumia lita 4 kwa kilomita 80, yaani kilomita 20 kwa lita, litatumia kama 3.5 kwenda Moshi na 4.5 kurudi, na dashibodi itakuonyesha karibu 23 ukifika Moshi na karibu 18 ukirudi Arusha, bila wewe kubadilisha chochote. Kuna jirani yangu huwa anatutumia picha ya dashibodi kila anapofika stendi ya Moshi, 24, 25, safari moja hata 26. Nilimwomba mara moja atume na ya kurudi, akasema alisahau kuitazama.